Bi. Mektrida Tarimo, Mthamini Aliyekataa Kutia Saini

Tarehe 30 Juni 2005, Bi. Mektrida Tarimo anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uthamini hapa Moshi kwa miaka ishirini na mmoja, minane ya mwisho akiwa mkuu wa ofisi.

Alikuja mwaka 1984, mwanamke pekee kati ya wathamini wetu. Hakuwahi kuandika thamani ya nyumba ambayo hakuingia ndani. Kule Kilema mbwa walimpandisha juu ya tangi la maji, akakaa huko mpaka wenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, waliporudi kutoka misa. Aliposhuka, aliomba kuonyeshwa jiko.

Mwaka 1993 benki moja ilitaka kuipiga mnada nyumba ya Bi. Amne, mjane wa Majengo aliyefanya biashara ya vitenge kupitia mpaka wa Kenya pale Holili na kushindwa kurejesha mkopo. Uthamini ulifanywa na mkuu wetu wa wakati huo, Mzee Aminieli, ambaye ndiye aliyemfundisha Bi. Mektrida kazi. Taarifa ilihitaji saini ya pili. Bi. Mektrida aliona thamani iko chini mno, akaenda Majengo kujionea. Uani alimkuta shemeji wa Mzee Aminieli akipima mahali pa kujenga vyumba vya kupangisha kana kwamba nyumba ni yake tayari, na mnada ulikuwa bado.

Kanuni zetu za maadili haziachi nafasi hapo. Mthamini mwenye maslahi katika mali, yake au ya jamaa yake, hutamka hivyo na kujitoa. Na mwenzake anayejua akanyamaza, naye ana kosa. Bi. Mektrida alikataa kutia saini. Jumapili iliyofuata alipanda Marangu, nyumbani kwa Mzee Aminieli.

“Shikamoo, mzee,” alisema. “Kesho nawaandikia kamati ya nidhamu. Nimeona usikie kwangu kwanza.”

Mzee aliitikia marahaba. “Waandikie,” alisema. “Ila usiongeze chumvi.”

Hakuongeza. Kamati ilisikiliza kila upande, ikamfungia Mzee Aminieli kufanya uthamini kwa miaka mitatu. Mthamini kutoka Arusha aliufanya uthamini upya. Nyumba ikauzwa kwa bei yake, deni likaisha, na Bi. Amne akabakiwa na cha kununulia kijumba Njoro. Ofisini mambo hayakuwa mepesi. Wengi wetu tulimwona msaliti, na kwa miezi kadhaa alikunywa chai peke yake. Alituambia baadaye kwamba kilichomuuma zaidi ni kupishana na mke wa mzee kanisani bila kusalimiwa.

Alipokabidhiwa ofisi mwaka 1997, adhabu ya Mzee Aminieli ilikuwa imekwisha na hakuna aliyetaka kumwajiri. Bi. Mektrida alimfuata tena Marangu, akamrudisha kazini. Aliweka utaratibu kwamba kila taarifa, yake mwenyewe ikiwemo, ikaguliwe na mwenzake kabla ya kutoka. Taarifa za Bi. Mektrida zilikaguliwa na Mzee Aminieli mpaka mzee alipostaafu, na mara mbili alizirudisha zirekebishwe. Bi. Mektrida alizirekebisha.

Kwa yote hayo, Bi. Mektrida, ofisi nzima inakushukuru. Uwe na afya njema na siku za raha kihambani kwako. Hotuba ya kukuaga itasomwa na Mzee Aminieli. Ameiomba nafasi hiyo mwenyewe.