Kicheko cha Nzula

Saa nne asubuhi, benchi iliyo nje ya karakana ya Mutinda pale Noonkopir huwa imejaa. Mutinda huweka chini mashine ya kuchomelea mageti. Mbaluka, anayeitwa Satelaiti kwa vile hakuna habari inayompita, huegesha bodaboda yake kando. Katoo, muuza mbuzi, huitwa Wakili kwa ubishi. Siku hiyo kahawa ya tangawizi ilifika ikifuka moshi, lakini Mutinda hakuigusa.

— Nzula ameacha kucheka, akasema.

Wenzake wakatazamana. Kicheko cha Nzula kilijulikana ploti nzima. Hata kumuoa, Mutinda alikisikia kwanza kwenye harusi ya watu, akakifuata mpaka akampata mwenyewe.

— Mmekosana? Katoo akauliza.

— Hapana. Kuna mwanamke Nzula anafuata video zake kwa simu, anajiita Malkia wa Utulivu. Ako na jikoni nyeupe pepepe, anapika chapati na hereni masikioni. Juzi amesema mwanamke wa maana hachekangi mdomo wazi.

— Na Nzula?

— Siku hizi anacheka na pua.

Mbaluka akajipiga paja.

— Buda, huyo si mtu! Hiyo ni kompyuta. Ushawahi kumuona akipiga chafya?

— Wacha uongo, Satelaiti, Katoo akasema. Ni mtu, lakini jikoni si yake. Ni ya kukodisha. Wanawake mia moja wanapikia hapo kwa zamu.

— Na hiyo chakula yote inaenda wapi? Mbaluka akauliza.

— Haiivangi!

— Basi mimi nawaambia, Mbaluka akasema, wanataka wanawake wote wafanane. Utatoka job jioni, uingie kwa jirani, upewe ugali, ule, ulale, na hutajua!

Mutinda alitaka kucheka, lakini akakumbuka jana jioni. Nzula alijitazama kwa simu, akafunika mdomo kwa leso, akamuuliza, "Nikicheka hukaa vibaya?" Naye, akitafuta chumvi, akamjibu, "Wewe na hizo simu zako." Akawasimulia hayo pia, kwa sauti ya chini.

Mwalimu Soipan alikuwa amekuja kuulizia geti lake. Alisimama hapo muda, akiwasikiliza.

— Fundi, samahani, akasema. Huyo wa simu amemwambia vile mwanamke anafaa kukaa. Na wewe, ushawahi kumwambia unapenda akicheka?

Mutinda akahesabu miaka ya ndoa yao kwa vidole. Kumi na moja, na hakuwahi. Alimtazama Katoo. Katoo akatazama mbuzi wa watu ng'ambo ya barabara.

— Nanyi je? Mwalimu akawageukia wengine. Wake zenu mmewaambia nini?

Mbaluka akaanza kufuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi.

Mutinda akavua aproni, akaiweka juu ya benchi.

— Mwalimu, geti yako utapata kesho.

— Hakuna shida.

— Sasa nikifika nyumbani naanza aje? Nikimwambia hivi hivi tu, si atashtuka?

Akashika njia ya nyumbani, mikono bado myeusi, midomo ikicheza kama mtu anayejaribu maneno mapya.