Shamba la Mume, Udongo wa Mke

Ahsanteni kwa kunipa nafasi, ndugu zangu wa kikundi. Nimehama miji mingi, na kila nilipohama niliongeza mashaka. Mtanisikia hivyo hivyo.

Nilitoka Fizi wakati wa vita. Kule mihogo ya baba yangu ilipanda mlima ikashuka upande wa pili, na mtu aliheshimiwa kwa upana wa shamba. Hapa kambini Dzaleka sikuweza kuridhika na kibustani cha nyuma ya nyumba. Mwanaume mmoja wa kijiji cha jirani akanikubalia eneo kubwa, tugawane mavuno. Nikapanda mihogo mwanzo hadi mwisho.

Ilipofika magotini, mama mmoja akaanza kupita kando ya shamba. Hasalimu. Anasimama, anatazama, anaenda. Ndugu zangu, nawaambia, niliona huyu ni mchawi au mwizi.

"Baba, ule mama amerudi tena," mke wangu akasema.

"Mwache. Leo mi namungoja."

Nikamuuliza kwa Chichewa changu kibovu anatafuta nini shambani kwangu. Akacheka.

"Kwako? Mume wangu, huyo aliyekupa shamba, alikuja kuoa hapa na blanketi lake tu. Udongo huu ni wa mama yangu na sisi mabinti zake. Na wewe ukapanda mihogo! Ungekuwa mtu wa mahindi, ningejua unavuna unaondoka. Mihogo inakaa ardhini muda mrefu; mwenye mihogo anahamia."

Kumbe naye alikuwa akinishuku.

"Kwetu mwanaume njo mwenye shamba," nikasema.

"Kwenu," akajibu.

Udongo ni wake, ningefanyaje? Nikang'oa mihogo michanga kwa mikono yangu, na batoto walikuwa wanaitegemea hiyo. Yule mama akatuonyesha dimba, bustani ya unyevu kando ya kijito, dogo kama ua wa kanisa hili. "Pandeni mboga, vitu vya kuisha haraka." Nikaona mtego: tumsafishie majani, kisha atufukuze.

"We baki na ukubwa yako," mke wangu akaniambia. "Mi nashuka kwenye maji."

Akapanda lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na matembele. Kiangazi chote alipeleka mafungu Mchesi, kule Lilongwe, kwa wenzetu waliochoka kula nsima, ugali wa hapa, na kabichi. Akarudi na unga, mafuta, na safari moja kitenge chake mwenyewe, wala hakuniomba ruhusa. Wenye mashamba mapana ya juu walikuwa bado wanatazama mawingu. Nikachukua ndoo, nikamfuata.

"Karibu, bwana mkubwa," akasema. "Mwagilia pale."

Tangu hapo batoto hawajalala njaa. Namshukuru mke wangu. Namshukuru na yule mama, maana angeweza kutufukuza tu, na nani angemuuliza?

Sasa nasikia kuna bwana anataka kukipa kikundi chetu eneo pana, na wengine mmeshaanza kunoa majembe. Sikatai. Naomba tu, kabla hatujachimba hata tuta moja, twende tukamsalimie mke wake. Na mama mkwe, kama yuko hai.