Siku Niliyofunga Gurudumu la Mbele

Salaam aleikum kwa wenzetu Waislamu, na kwa wengine wote, habari zenu. Nimeambiwa niwafundishe waendeshaji wapya jinsi ya kufunga baiskeli isiibiwe. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Lakini ndugu zangu, nawaambia kweli, siwezi kushika kufuli mbele ya watu kabla sijasema nilichomfanyia mtu mmoja. Jina lake sitalitaja.

Ilikuwa miaka ile ya Shifta, waasi walipokuwa porini wakipigana na serikali. Nilikuwa tarishi wa ofisi moja hapa mjini, kijana kutoka Meru, nimepewa baiskeli nyeusi ya kupeleka barua mpaka Burat. Mngeniona wakati huo! Kengele nilipiga hata barabara ikiwa tupu. Kila asubuhi nilipita kwa fundi mmoja wa baiskeli, Mborana, anijazie upepo. Siku moja akatazama nilivyofunga mnyororo, akatikisa kichwa.

"Wewe umefunga gurudumu, baiskeli hujafunga," akasema. "Hiyo gurudumu ya mbele inatoka na nati mbili tu. Pitisha mnyororo kwa fremu, halafu gurudumu, halafu nguzo yenye imechimbiwa kabisa. Na hizi raba za breki zimekwisha. Ngoja nikutafutie zingine."

Nikamwambia nina haraka. Ukweli ni kwamba sikupenda kufundishwa watu wakisikia.

Siku tatu baadaye niliingia duka moja kupeleka barua. Nilipotoka, gurudumu la mbele lilikuwa pale pale, limefungwa vizuri kwenye nguzo. Baiskeli haikuwepo. Nati mbili zilikuwa kwenye vumbi.

Askari wakaja, maana siku hizo hata baiskeli ikipotea, swali lilikuwa imeenda porini kwa nani. Mkubwa wao akaniuliza kama nilifunga. Nikasema nilifunga.

"Basi ni nani anaweza kuifungua namna hii?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Niliogopa kufukuzwa kazi, na niliona aibu. Ningesema nilionywa nikapuuza, kosa lingekuwa langu. Nikamtaja fundi. Nikaongeza kwamba nimemwona kwa macho yangu akiondoka nayo. Ndugu zangu, sikuwa nimeona mtu yeyote.

Wazee mliopo mnajua Mborana akitajwa hivyo miaka ile ilikuwa na maana gani: alihesabiwa mmoja wa Shifta. Alipandishwa lori mbele ya kibanda chake, akateleza akaangukia mkono, wakamwinua wakaondoka naye. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Ofisini walinipa pole na chai. Nikainywa, Mungu anisamehe.

Siku ya nne, saa sita mchana, mke wa fundi akaja ofisini na mtoto mgongoni. Nikajua amekuja kunilaani. Akafungua kitambaa, akatoa raba mbili mpya za breki.

"Ndugu, mzee wangu alikuwa amekuwekea hizi," akasema. "Alisema unashuka ule mteremko wa mtoni bila breki, utaumia. Sijui kama umepewa baiskeli ingine, lakini chukua. Na wewe unajuana na watu wa serikali. Hebu niulizie kama bado yuko hai."

Nililia mbele ya yule mama. Nikamwambia, "Mama, ni mimi nilimtaja. Na sikuona kitu." Alikaa chini pale mlangoni, na mimi nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wa askari.

"Si ulisema umemwona?"

"Nilidanganya. Nilifunga vibaya, nikatafuta wa kumbebesha."

"Unajua naweza kukuweka wewe mahali pake?"

"Niweke."

Akaniweka, wiki mbili. Kazi ikaisha. Fundi aliachiliwa kesho yake. Baiskeli haijaonekana mpaka leo.

Nilipotoka nilikwenda kibandani kwake, tayari kwa lolote. Mkono wake wa kulia, uliovunjika alipoanguka pale kwenye lori, ulikuwa umeanza kuunga vibaya, hauwezi kukaza nati. Nikaomba msamaha. Akanisukumia spana kwa mguu.

"Hii mkono umeharibu ni wewe," akasema. "Basi leta yako. Kaza hapo."

Nikakaza. Ulipita karibu mwaka mzima kabla hajakubali kunywa chai na mimi. Yote nitakayowaonyesha leo ni yake: kubonyeza tairi kwa kidole gumba, kujaribu breki zote mbili kabla ya kupanda, kutobana ya mbele peke yake mteremkoni, kushuka na kusukuma penye mchanga, kupita nyuma ya ngamia wala si mbele yake. Na mnyororo: fremu, gurudumu, nguzo, mdomo wa kufuli ukitazama chini.

Namshukuru yule mama aliyemletea breki mtu asiyestahili. Namshukuru na fundi wangu, ambaye hapendi nimshukuru mbele ya watu.

Nanyi wapya, hata ukifunga vizuri, siku moja inaweza kuibiwa. Utaulizwa ni nani. Kama hukuona, sema hukuona, ukomee hapo. Mimi niliulizwa mara moja tu, na jibu langu naliona mpaka leo, kila mara fundi wangu, mtu wa dini anayepaswa kunywa kwa mkono wa kulia, anapoinua kikombe kwa mkono wa kushoto.