Ufito wa Madungu

Sogeeni, wanangu, na wewe Shamima zima hiyo simu, maana pumzi zilizobaki ni chache. Nyumba hii na mikarafuu mtagawana kama dini inavyotaka; kwa hayo sina wasiwasi. Kinachonigeuzageuza tangu jana kimo chini ya godoro hili. Abdulnasir, kitoe. Ndiyo, huo ufito wa mbao wenye saruji kavu. Usicheke, mwanangu.

Mnajua nilivyokuwa nikipiga plasta: unapigilia ukutani fito mbili za unene mmoja, zimesimama kwa timazi, unajaza saruji katikati, unaburuta ubao ulionyooka juu yake, na ukuta unatoka sawa kama ukurasa wa daftari. Kisha fito unazing'oa, mifereji yake unaiziba. Nyumbani kwa Bi Ummkulthum, Madungu, miaka ishirini na moja sasa, kung'oa ilikuwa kazi yangu, na kuchanganya saruji ilikuwa ya mwenzangu Nyange. Jioni ile nilikuwa na haraka, huo mmoja sikuung'oa, nikaupakia saruji juu, nikaenda zangu. Masika yalipokuja mbao ikanywa maji, ikavimba, plasta ikaporomoka. Nilifika wa kwanza, nikauchomoa, nikauficha ndani ya mfuko mtupu wa saruji. Bi Ummkulthum akatoka anapiga kelele, "Nyange kaiba saruji yangu, katupakia mchanga!" Nyange akanigeukia mimi. "Si uliniona nikichanganya? Sema basi, mwenzangu." Nikainama, nikaosha mwiko wangu.

Hakupata kazi tena mjini. Yuko Pujini analima muhogo, na wanawe skuli waliitwa watoto wa mwizi.

Nendeni leo mkamwite. Akikataa kuja, msimlaumu. Lakini siku ya maziko, mkishanisalia, watu watakapoulizwa nani anamdai marehemu, wewe Abdulnasir simama na ufito huo, useme: baba yangu anadaiwa jina la Nyange, aliliharibu yeye. Sema kwa sauti, hata wa safu ya nyuma wasikie. Najua, aibu itakuwa yenu, mimi nitakuwa nimefunikwa. Ndiyo maana nakuombeni, sikuamuruni.

Radhi zangu mnazo, wote wawili. Mungu akupeni watoto wenye ulimi... wenye ulimi kuliko wangu. Shamima, maji. Kidogo tu. Hiyo gari iliyosimama nje, imetoka Pujini? Tazama vizuri. Siyo? Basi... Abdulnasir, usiuweke chini. Ushike hivyohivyo, nikuone.