Meza ya Watu Wawili

Benchi lenyewe liko Ikebukuro, mtaa wa Tokyo, ubavuni mwa mashine ya kahawa za kopo, na wenyewe ni watatu. Isogai, fundi viyoyozi, wanamwita Roboti, maana katuni isiyo na roboti kwake si katuni. Hamaguchi ni Profesa. Ndevu zimeota mvi, lakini hakosi kipindi cha wasichana wachawi kinachotengenezwa kwa ajili ya watoto wa chekechea, wala haoni haya. Wa tatu ni Kuramochi, Mama Beji, mkoba wake umejaa beji za sura moja tu: Reiya, mpiga fidla wa katuni ya wanamuziki. Leo ni siku ya kuzaliwa ya Reiya. Kuramochi ameshika meza ya watu wawili kwenye mkahawa wa jirani ambako mashabiki humwimbia, keki imeandikwa jina lake, na shoga yake amepiga simu kwamba ana homa. Mkahawa haumpokei mtu peke yake kwenye meza hiyo. Kuramochi alikuwa anakunywa kahawa polepole, roho juu.

— Roboti, nisindikize basi. Tukishaimba tunatoka.

— Mimi? Nikae na kina dada wanaoimbia keki? Watanitolea macho niyeyuke.

— Nani ana habari na wewe.

— Hilo ndilo baya zaidi. Sisi wa roboti tukikutana tunabishana, tunaachana salama. Nyinyi mnalia. Mtu akilia mbele yangu mimi natafuta bisibisi.

Kuramochi akamgeukia mwingine.

— Profesa?

— Siwezi, dada yangu. Kwetu kuna adabu. Ukumbini, kwenye sinema za wachawi, watoto mbele, sisi wazee nyuma, na hatufungui mdomo mpaka watoto waimbe. Nikizoea meza ya mbele nitaharibika.

— Ni keki, Profesa. Si ukumbi.

— Mambo huanzia kwenye keki.

Roboti akacheka, akafungua kopo la pili.

— Mimi nasema iko siku watatugawia mabehewa. Hili la roboti, lile la wachawi, la fidla kule mwisho na vitambaa vya machozi.

— Mbona tumeshagawanywa? Profesa alisema. Wanaume mtaa wa Akihabara, kina dada huku. Hata njiwa wa hapa wote majike.

— Ndiyo maana hawanisogelei.

Kuramochi hakucheka. Muda wa meza ulikuwa unakaribia.

Mwanamke mmoja akaja kununua kahawa, akaketi pembeni mwa benchi. Alipouona mkoba wa Kuramochi, haraka akaugeuza wake, beji zikaelekea tumboni. Lakini Kuramochi alishaziona: zote za Reiya. Ni heshima hiyo. Wanaompenda mhusika mmoja hawazoeani, na wengi hulitangaza kabisa mtandaoni. Kuramochi mwenyewe ameandika kwenye ukurasa wake, kwa herufi nene: wa Reiya mwenzangu, pita kwa amani.

— Samahani, mgeni alisema. Nimesikia mnatafuta mtu wa meza.

— Tunatafuta, Roboti akamjibu. Ila si wa Reiya. Hao hawakai pamoja, wana wivu.

— Si wivu, Kuramochi alisema. Ni utaratibu.

— Haya, nauelewa, mgeni alisema, hata mimi naufuata. Lakini asiyempenda hataki kwenda, na anayempenda haruhusiwi. Sasa leo nani atamwimbia?

Kuramochi akamkumbuka yule shoga yake, ambaye miaka yote huja kufuata keki, na kwenye wimbo huwa anachezesha midomo tu. Ilimuuma, kwa sababu kumbe miaka yote hiyo ameimba peke yake.

Akasimama, akatupa kopo, akapiga hatua chache kuelekea mkahawani. Kisha akamgeukia mgeni, aliyekuwa bado ameubana mkoba wake kifuani.

— Dada, geuza huo mkoba, alisema. Reiya atakuonaje?