Jina kwenye Kola

Waombolezaji wenzetu, mimi ni Wanyama, shemeji ya marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na sauti ikinikatika mtanivumilia.

Mama Tryphosa Kavetsa alizaliwa tarehe 12 Machi 1931 huko Mbale, Maragoli, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka wa 1945, akafunzwa kushona, na, kama alivyokiri mwenyewe, akafunzwa pia wasiwasi, kwani mwalimu wake alifumua kila mshono uliopinda.

Tarehe 6 Desemba 1952 aliolewa na kaka yangu Gerishon Murunga, karani wa reli mjini Eldoret, wakajaliwa watoto wanne, naye kwa miaka mingi akawa anatia viraka nguo za majirani.

Mwaka wa 1966 Gerishon alikuwa ameweka akiba anunue hisa katika kampuni ya mashamba, upande huu wa Chepsaita, na daftari la wanachama lilikuwa lifungwe tarehe 30 Novemba. Mwezi wa Agosti Mama alimwomba akiba hiyo, akaapa kuirudisha kabla ya siku hiyo, akanunua majora mawili ya kitambaa na lebo zenye jina lake, maana alitaka nguo zake zijulikane kama zile za maduka ya Nairobi. Alishona magauni arobaini, akayapeleka dukani kwa Mama Wahu, na wiki hiyohiyo yakaanza kurudishwa. Wanawake walisoma jina kwenye kola wakasema nguo hii ina mwenyewe, kwani sisi tulizoea kuandika jina la mtoto kwenye sare ya shule ili isiibwe, na mmoja alimwambia Wahu waziwazi kwamba yeye hatashikwa na polisi kwa sababu ya gauni la Tryphosa.

Kila mlango ulipobishwa Mama alishtuka akijua ni gauni lingine limerudishwa, na Gerishon, mpole kama mnavyomjua, aliyapokea akayakunja vizuri, jambo lililomuumiza Mama kuliko kama angemfokea. Alishauriwa afumue lebo, akafumua kumi na moja, kisha akaweka wembe chini akalia, akasema jina likitoka atabaki fundi wa viraka. Basi akavaa moja ya magauni hayo, akasimama mlangoni kwa Wahu wiki nzima, akiwaambia wote walioingia kwamba Tryphosa ndiye huyu, yeye ndiye aliyeshona, wala hakuna aliyeibiwa. Watu walicheka, halafu wakanunua, na hisa ikalipwa tarehe 29 Novemba, ndiyo iliyotupa shamba hili tulimosimama leo.

Tangu hapo wanawake wa Eldoret hawakuulizia gauni, waliulizia Tryphosa, hata Tryphosa mbili za mikono mirefu. Yeye lakini wasiwasi haukumtoka, na hodi yoyote ilimshtua.

Presha ilimshika mwaka wa 1977, akalazwa Februari mwaka huu wa 1978, na kila siku alituuliza kama kuna nguo iliyorudishwa, hadi alipotuacha tarehe 19 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, Mama Wahu, na mafundi aliofanya nao kazi.

Shemeji, lala sasa kwa amani. Hakuna aliyerudisha.