Kohoa Mara Mbili, Baba

Wasikilizaji wapendwa, kamwene. Kamwene ninyi wa Njombe mjini mnaosikiliza mkiwa mmejifunika blanketi. Kamwene ninyi wa Makambako mlioegesha malori pale njia panda, na ninyi wa Ludewa mpaka Manda ziwani, ambako najua sauti yetu inafika ikikatikakatika. Mwenye redio aisogeze karibu. Leo tunamkumbuka Conjesta Haule.

Conjesta Haule, tabibu. Amefariki juma lililopita kwa ugonjwa wa figo, akazikwa kwao Lugarawa. Nasema tabibu makusudi, na nitalirudia neno hilo mpaka mlichoke. Wapo watu waliomwambia kwamba si tabibu tena. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi, na hilo ndilo lililomkaa moyoni mpaka anaondoka.

Matabibu mnawajua. Ni wale mnaowakuta kwenye kituo cha afya, wanapima, wanashona vidonda, wanaandika dawa, na ninyi mnawaita daktari bila kuuliza cheti. Conjesta aliutaka udaktari huo tangu mdogo. Mama yake, Mama Zita, anasema binti huyu alitengeneza wanasesere kwa magunzi ya mahindi, na kila mwanasesere alikuwa na bandeji. "Hapakuwa na mzima hata mmoja," anasema. "Wote walikuwa wamelazwa."

Siku Conjesta alipomaliza chuo, Mama Zita alimvalisha koti jeupe baada ya misa akazunguka naye kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, kama anayetambulisha bibi harusi. Conjesta aliona aibu, lakini alizunguka. Kuanzia hapo Mama Zita hakuitwa tena Mama Conjesta. Aliitwa Mama Daktari, na jina hilo alilivaa kama kitenge kipya.

Kisha ikaja ajali. Conjesta alikuwa anatoka kumwangalia mgonjwa, amepanda bodaboda, mvua imenyesha, mteremko unateleza. Pikipiki ikalala juu ya mkono wake wa kulia. Mfupa uliunga. Mishipa ya fahamu haikuunga. Angeweza kushika kikombe, lakini hakujua kama chai ni ya moto au imepoa. Sasa niambie, wewe unayenisikiliza, tabibu asiyesikia kitu vidoleni atapapasa tumbo la nani? Atashona kidonda gani?

Mwenyewe alijiondoa wodini. Hakufukuzwa. Alisema, "Siwezi kujifunzia upya juu ya miili ya watu."

Mama Zita hakulielewa hilo. "Tumekusomesha uwe daktari," alimwambia. "Sasa utakuwa nani?"

Conjesta akaanza kulitafuta jibu. Alizunguka maduka ya dawa ya Njombe na begi la kampuni, akinadi dawa. Hakudumu. Alimwambia mwenye duka mmoja kwamba ile dawa ya kikohozi haihitaji, anayo ya kutosha. Muuzaji gani huyo? Akaingia ofisi ya bima, kazi yake ikawa kukagua madai ya matibabu kutoka hospitali. Kazi ya heshima kabisa, na inahitaji mtu anayeujua ugonjwa. Lakini yeye alisema kila karatasi ilimfanya atamani kujua mgonjwa aliamkaje. Akaomba kufundisha chuoni, akaambiwa asubiri nafasi. Na kila aliporudi Lugarawa kwa sikukuu, majirani walimletea watoto wenye homa mlangoni, naye akawaelekeza waende hospitali, na Mama Zita akaingia jikoni asitoke.

Ndipo akapata kazi Makambako. Chumba kimoja, meza mbili, simu, na ramani ukutani. Vijiji vinapiga simu kukiwa na mgonjwa wa dharura. Anayepokea anauliza maswali, anachagua dereva aliye karibu, anaitaarifu hospitali ijiandae. Mgonjwa mwenyewe hamwoni. Hamgusi.

Mama Zita alipoelezwa, alisema neno moja tu. "Mpokea simu."

Basi wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni hapa.

Ilikuwa masika, alasiri moja ya ukungu na mvua, ule ukungu wetu unaoficha mpaka mlango wa jirani. Conjesta alikuwa bado mgeni pale chumbani. Pembeni yake alikaa Oktavia, aliyemtangulia kazini, na haya nayasimulia kama Oktavia alivyonieleza. Simu ikaita. Sauti ya mzee, upepo unavuma nyuma yake.

"Kamwene, mwanangu. Hapa kuna mgonjwa."

"Kamwene, baba. Unapiga kutoka wapi?"

Alikuwa Mzee Kefa, kutoka kijiji kilicho ndani kupita Kichiwa. Amepanda kilimani kutafuta mtandao. Nyumbani hakuna simu inayoshika.

"Mgonjwa ni nani, baba?"

"Mtu wa hapa nyumbani."

"Anaumwa nini?"

"Anaumwa tu. Tumbo."

"Lilianza lini? Linaumaje?"

"Mwanangu, leteni gari," mzee akasema.

Gari lililokuwa karibu ni moja tu, kirikuu ya Edson, iliyozoea kubeba viazi kuliko watu. Na Edson tayari alikuwa njiani kumfuata bibi mmoja wa Mtwango aliyevimba mguu. Oktavia akafunika simu kwa kiganja. "Dada Conjesta, gari haligeuzwi kwa tumbo. Mwambie ampeleke zahanati, tutamfuata kesho. Tukigeuza gari bila sababu tutajibu nini?"

Oktavia hakukosea. Huo ndio utaratibu, na utaratibu umeokoa wengi. Sababu ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa kwenye koo la yule mzee na haitoki.

"Nipe daktari nizungumze naye," Mzee Kefa akasema.

"Hapa hakuna daktari, baba. Nipo mimi."

"Wewe nani?"

Conjesta aliuangalia mkono wake wa kulia uliolala mezani.

"Mpokea simu," akasema.

Mzee akaguna. Ungekuwa wewe, ungemwaga siri za nyumba yako kwa mpokea simu?

"Baba, usikate," Conjesta akasema. "Huyo mtu wa nyumbani, ni mke wa mwanao?"

Kimya. Upepo tu.

Na kile kimya ndicho alichokielewa. Conjesta amezaliwa nyumba ya namna hiyohiyo. Baba yake, Mzee Benno, alipompeleka hospitali kwa uzazi wake wa kwanza, alimwambia nesi, "Nimemleta mtu," akatoka nje akasimama amewapa mgongo. Huyo ni baba na binti yake wa kumzaa. Sasa mkwe? Mzee wa heshima hataji mwili wa mke wa mwanawe. Hautaji kwa jirani, hautaji kwa mchungaji, sembuse kwa sauti ya mwanamke asiyemjua kwenye simu. Angeona afadhali akatwe ulimi. Na mwanawe Wiliam, mwenye mke, yuko mashamba ya chai, hapatikani.

Conjesta akainama kwenye simu akapunguza sauti.

"Baba yangu, wewe usiseme kitu. Mimi ndiye nitakayesema, na aibu yote iwe yangu. Nikisema kweli, wewe kohoa. Nikikosea, nyamaza. Sawa?"

Mzee akakohoa.

"Mtu wa mwanao ana mimba?"

Akakohoa.

"Uchungu umeanza?"

Akakohoa, tena akaunganisha, kikohozi kirefu cha kukwaruza. Conjesta akasita. "Baba, hicho ni cha jibu au cha kifua?"

"Cha kifua, mwanangu. Ukungu huu utaniua."

Oktavia anasema alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini Conjesta hakucheka. "Basi cha jibu kohoa mara mbili, baba. Mara mbili. Kuna mwanamke ndani anayemsaidia?"

Mara mbili. Huyo alikuwa Bibi Emilia, jirani.

"Bibi aliposema ukapige simu, alikwambia kuna kitu kimetangulia? Kichwa?"

Kimya.

"Mguu?"

Kimya.

"Mkono?"

Upepo ukavuma. Conjesta akasimama wima. Kisha vikaja vikohozi, kimoja, na kingine.

Wasikilizaji wapendwa, mkono ukitangulia, mtoto amelala kwa kukingama. Hapiti. Zahanati haina la kufanya. Ni hospitali yenye chumba cha upasuaji, na ni sasa hivi, la sivyo utazika wawili.

"Geuza Edson," Conjesta akamwambia Oktavia, na Oktavia hakuuliza tena. "Baba, kimbia nyumbani. Mwambie huyo bibi asiuvute huo mkono, asiusukume. Mama alalie ubavu wa kushoto. Hayo unaweza kuyasema?"

"Hayo naweza."

"Kimbia, baba."

Simu ikakatika. Hospitali ikapigiwa, mganga wa zamu akaambiwa, chumba kikaanza kuandaliwa. Bibi wa Mtwango akaombwa radhi, akasema mguu wake umevimba tangu Krismasi, utangoja. Kisha hakukuwa na kazi nyingine ila kusubiri, na simu ya Edson haipatikani. Oktavia anasema Conjesta alisimama akiusugua ule mkono mfu kwa ule mzima. Wodini angekuwa na kitu cha kufanya. Pale alikuwa na ramani ukutani, na kidole juu ya barabara.

Edson naye anasema kilima cha kutoka kijijini kilimshinda mara ya kwanza na ya pili. Mkwe wa watu ndani anaugulia, matairi yanazunguka bure. Akashusha viazi vyote alivyokuwa amepakia siku hiyo, magunia yakabaki kandokando ya barabara kwenye mvua. Wanaume wakasukuma. Mzee Kefa alisukuma nao, uso ameugeuzia pembeni, asimwone mkwewe.

Edson alipopata mtandao alipiga simu akasema, "Tumeshika lami." Conjesta akakaa chini.

Mama yule, Dainess, alipasuliwa mara alipofika. Mtoto alitoka wa kike, ameumia mkono, hai. Mama hai. Mtoto anaitwa Jasmine, na sasa anasoma shule ya msingi. Viazi vya Edson navyo vilikutwa kesho yake vimefunikwa turubai, na aliyefunika hajajitaja mpaka leo.

Conjesta aliifanya kazi ile hadi figo zilipomkataa. Wapo wengi wengine aliowaokoa, lakini hakuwahi kumsimulia mama yake habari ya hata mmoja. Siri ya mgonjwa aliibeba palepale alipoibeba akiwa na koti jeupe. Kwa hiyo Mama Zita, miaka yote hiyo, akiulizwa habari za binti yake, alijibu, "Yuko ofisini," akabadili mazungumzo.

Kwa familia ya Haule, kwa mume na watoto, kwa Oktavia na wenzake wa Makambako, sisi wa redio hii tunawapa pole nyingi. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe Conjesta kwa amani. Na wewe tabibu uliyeacha kushika wagonjwa, uliye bimani, ofisini, darasani au kwenye simu, nakuomba usijione umetupwa. Nawe jirani, kabla hujamuuliza mtu kwa nini ameacha udaktari, tafakari kwanza ni akina nani anaowahudumia bila kuwaona.

Nimebakiza jambo moja, la kaburini. Mimi nilikuwepo.

Mzee Kefa alikuja Lugarawa na kwaya ya usharika wao, Walutheri katikati yetu Wakatoliki, na Jasmine amemshika mkono. Aliomba nafasi. Akaeleza habari ya kilima, simu na kikohozi, kwa kifupi, macho chini, na hata safari hii hakumtaja mkwewe. Alisema "mtu wa nyumbani."

Mama Zita alikuwa amekaa mkekani. Akainuka, akashikiliwa huku na huku, akamsogelea yule mzee mpaka karibu. Alikuwa analia wazi, bila kujifunika.

"Baba," akasema, "huyu mwanangu mnayemzika, alikuwa daktari?"

Mzee Kefa akafungua kinywa. Sauti haikuja. Watu wote tukangoja, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka.

Kisha akakohoa. Mara mbili.